Salio, urari, uwiano, usawa, msawazo: ni wazo moja au ni mengi?

Mfasiri Mwanagenzi

Salaam wanajukwaa, natumaini hamjambo nyote. Nimekuja kuomba msaada katika jambo ambalo limenikalia kichwani kwa wiki tatu sasa.

Ninatafsiri kitabu kidogo cha maarifa ya maisha kwa vijana wanaoanza kujitegemea. Kina sura ya utunzaji wa fedha, sura ya mwili na afya, sura ya kugawa muda kati ya kazi na nyumbani, na sura ya mwisho inayohusu namna ya kusuluhisha ugomvi. Mwandishi ametumia neno moja la Kiingereza, “balance”, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na neno hilo ndilo linalokishikilia kitabu kizima: benki ni kiasi kilichobaki, kwenye kamba ya mwanasarakasi ni kutoanguka, mezani ni mchanganyiko wa vyakula, na nyumbani ni mgawanyo wa saa. Mimi nilichagua “usawa”, nikalitumia kila mahali kwa kuamini kwamba msomaji ataliona wazo lilelile likirudi na kurudi.

Rasimu imerudi kutoka kwa mhariri ikiwa imejaa alama nyekundu. Kando ya sentensi yangu isemayo “Mtu mwenye usawa mzuri hutenga saa sawa kwa kazi na kwa familia”, ameandika swali moja tu: “Nani aliyesema ziwe sawa?”

Swali hilo limenizuia kuendelea. Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, je, nyuma ya maneno yetu haya yote, yaani salio, urari, uwiano, usawa, msawazo, mizani na mengine nisiyoyajua, kuna wazo moja ambalo naweza kulishika? Pili, kila moja litumike wapi bila kumpotosha kijana asiye na mtu wa kumwuliza?

Mtunza Leja

Ndugu Mfasiri, salaam. Nilitunza hesabu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu upande wa fedha na kuwaachia wengine yaliyobaki. Katika sura hiyo unahitaji maneno matatu, na “usawa” si mojawapo.

Salio ni kile kinachosalia baada ya kutoa kilichotoka katika kilichoingia. Neno lenyewe limetokana na kusalia, na anayetazama salio lake kwenye simu hasawazishi chochote, bali anatazama mabaki. Ukimwandikia kijana “usawa wa akaunti yako”, hataelewa, na akielewa ataelewa vibaya.

Urari ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo penye kusawazisha kwa kweli. Katika utaratibu wa kuandika kila muamala mara mbili, ambao Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, ingawa wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiutumia kabla yake, kila kiasi huingia katika debiti, yaani upande wa kushoto, ya akaunti moja na katika krediti, upande wa kulia, ya akaunti nyingine. Mwisho wa kipindi tunaorodhesha salio za debiti upande mmoja na za krediti upande wa pili, kisha tunajumlisha. Jumla mbili zikilingana, hesabu zina urari. Mizania huja baadaye: ni taarifa inayoonyesha, kwa siku moja maalumu, kwamba rasilimali zote ni sawa na madeni pamoja na mtaji.

Naomba uruhusu nikae kidogo kwenye urari, kwa sababu nimeona watu wazima wakiuamini kupita kiasi. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilikesha nikitafuta tofauti ya 270 kati ya pande mbili. Aliyekuwa mkubwa wangu aliingia asubuhi, akaniambia niigawe tofauti hiyo kwa 9. Ikagawanyika bila baki, ikatoka 30. “Tafuta mahali ulipogeuza tarakimu,” akasema, na kweli, nilikuwa nimeandika 360 mahali pa 630. Ukibadilishana nafasi za tarakimu mbili, tofauti siku zote hugawanyika kwa 9, na ujanja huo umeniokoa mara nyingi tangu siku ile.

Hata hivyo somo kubwa lilikuja mwaka uliofuata, pale hesabu zangu zilipokuwa na urari bila hata senti moja ya tofauti, nikaenda nyumbani nimeridhika, na baada ya miezi mitatu ikabainika kwamba ankara nzima haikuwahi kuingizwa upande wowote. Kisichoandikwa kabisa hakiharibu urari. Vilevile kiasi kilichoingizwa kwenye akaunti isiyo yake lakini upande ulio sahihi hakiuharibu, wala makosa mawili yanayofutana hayauharibu. Urari unathibitisha kwamba pande mbili zinakubaliana, na haujasema lolote kuhusu ukweli wa kile zinachokubaliana. Kama kitabu chako hakina sentensi hiyo, mwombe mwandishi ruhusa uiongeze.

Mpenda Ufupi

Mimi naona tunajitaabisha bila sababu. Mafundi wa magari wanasema “kubalansi” gurudumu na kila mtu anaelewa; vijana wanasema “kubalansi” maisha na kila mtu anaelewa. Kwa nini Ndugu Mfasiri asitumie kitenzi hicho kimoja mwanzo hadi mwisho, akamaliza kazi yake? Lugha hukua kwa kuazima, na hata mizani yenyewe ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu.

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu Mpenda Ufupi, sina ugomvi na neno hilo, na fundi anayelitumia karakana analitumia kwa usahihi kamili: gurudumu lenye uzito mwingi upande mmoja wa rimu hutetemeka likizunguka kwa kasi, naye hubandika kipande kidogo cha metali upande wa pili mpaka mtetemo utulie. Shida ni kwamba neno moja kwa kila jambo litamrudisha Mfasiri palepale alipokwama. Mhariri wake hakulalamikia asili ya neno, alilalamikia wazo lililojificha ndani yake, yaani kwamba kusawazisha ni kufanya vitu viwe sawa.

Nadhani najua kosa hilo linatoka wapi. Linatoka kwenye mizani ya vitanga viwili, ambayo ndiyo picha ya kwanza inayotujia akilini. Katika mizani hiyo egemeo, yaani pale mtambo unapolalia, liko katikati kabisa, mikono miwili ina urefu uleule, na kwa sababu hiyo tu mtambo hutulia pale uzito wa vitanga unapokuwa sawa. Tumechukua hali moja ya pekee, tukaifanya kanuni.

Mchukue mtoto wa kilo 20 na mtu mzima wa kilo 60, uwaweke juu ya pembea ya ubao. Wakikaa kwa umbali uleule kutoka kwenye egemeo, mtoto atabaki hewani. Mtu mzima akisogea mpaka mita 1 kutoka egemeo, na mtoto akikaa mita 3, ubao utalala sawasawa na wote wawili wataweza kupanda na kushuka kwa kusukuma kidogo tu kwa miguu. 60 mara 1 ni 60, na 20 mara 3 ni 60. Kinacholingana pale ni momenti, yaani uzito ukizidishwa kwa umbali, wala hakuna kilo hata moja iliyohamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kanuni hii katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na ndiyo inayowezesha mizani ya mkono mrefu kupima gunia zima kwa jiwe dogo linalosogezwa kwenye alama. Kwa hiyo mtu asemapo kwamba mambo mawili hayawezi kusawazishwa kwa sababu moja ni zito kuliko jingine, amesahau kuuliza egemeo liko wapi.

Jambo la pili linahusu sura yako ya mwili. Simama kwa mguu mmoja, tulia, kisha fumba macho. Karibu kila mtu huanza kuyumba mara moja, na sababu yake inafundisha. Mwili hujijua umesimamaje kwa kutumia habari zinazotoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, ambamo mifereji mitatu ya nusuduara yenye majimaji hutambua kichwa kinapogeuka, na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za kalisi hutambua kinapoinama au kinapoongeza mwendo, na vipokezi vilivyomo katika misuli na viungo, vinavyoeleza kifundo cha mguu kimepinda kiasi gani. Ukifumba macho umeondoa shahidi mmoja kati ya watatu. Ukizunguka mara nyingi kisha ukasimama ghafla, majimaji ya masikioni huendelea kusonga huku macho yakisema umesimama, na mashahidi hao wanapopingana ndipo unapopata kizunguzungu.

Tazama pia kwamba hata ukiwa umefumbua macho na umesimama kwa miguu yote miwili, hujatulia. Mwili huegemea mbele kidogo, misuli ya nyuma ya mguu ikaurudisha, ukazidi kurudi, ukasahihishwa tena, na hayo hufanyika mfululizo bila wewe kuamua. Mwendesha baiskeli hufanya vivyo hivyo kwa mikono: baiskeli inapolalia kushoto, yeye hugeuza usukani kidogo kushoto, magurudumu yakarudi chini ya uzito wake. Anayejifunza huanguka kwa sababu anageuza upande usiofaa, au amechelewa, au amegeuza kupita kiasi. Mwanasarakasi wa kamba naye hubeba mti mrefu kwa sababu mti huo humfanya apinduke polepole, akapata nafasi ya kujirekebisha kabla hajapitiliza. Kwa kutoanguka kwa namna hii mimi hufundisha kwa neno “msawazo”, na napenda darasa lilisikie kuwa ni kazi inayoendelea, kwa maana anayeacha kufanya marekebisho huanguka.

Kuna msawazo wa tatu ambao hauruhusu ujanja, nao ni wa milinganyo ya kikemia. Haidrojeni na oksijeni zikiungana kuwa maji, mwanafunzi huandika H₂ + O₂ → H₂O, akaona upande wa kushoto una atomi mbili za oksijeni na wa kulia una moja. Asiyeelewa hubandika 2 ndogo chini ya O upande wa kulia, akapata H₂O₂, na hesabu ikakaa vizuri. Lakini hicho si maji tena, ni dutu nyingine yenye tabia nyingine. Njia halali ni kubadili idadi ya molekuli tu: 2H₂ + O₂ → 2H₂O, ambapo gramu 4 za haidrojeni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 36 za maji. Hii inakwenda sambamba na alichosema Mzee Mtunza Leja. Ukiruhusiwa kubadili vitu vyenyewe, unaweza kusawazisha chochote na usiwe umesema kweli yoyote.

Kwa swali lako la uchaguzi wa maneno, nakupa kipimo ninachokitumia darasani. Jiulize: jambo hili likiharibika, ni nini hutokea? Kama kitu huanguka au huyumba, tafuta neno katika jamii ya msawazo na utengemavu. Kama pande mbili hukataa kukubaliana, ni urari au ulinganifu. Kama kitu huharibika kwa kuzidi kiungo kimoja juu ya kingine, ni uwiano. Na kama mtu hunyimwa haki yake, hapo, na hapo tu, ni usawa.

Muuguzi wa Zamu

Nitasema machache kuhusu sura ya afya, maana zamu yangu inaanza. Kwa chakula tayari tuna istilahi iliyozoeleka, nayo ni “mlo kamili”. Naomba usiibadilishe. Kiswahili hapa kimechagua kusema kwamba mlo haupungukiwi na kitu, badala ya kusema kwamba vitu vyake vinalingana, na kwa maoni yangu kimechagua vizuri. Mtu mzima huhitaji wanga kwa mamia ya gramu kwa siku na protini kwa makumi ya gramu, lakini vitamini B12 anaihitaji kwa takriban mikrogramu 2.4 tu, kiasi ambacho hakionekani kwa macho. Akikikosa kwa muda mrefu, damu yake na neva zake huathirika. Ukimwambia kijana kuwa mlo mzuri una usawa wa virutubishi, utakuwa umemwambia jambo ambalo halipo katika mwili wa binadamu yeyote.

Ukifika kwenye sukari ya damu, hapo kipimo cha Mwalimu kinafanya kazi vizuri sana: sukari ikipanda, insulini huishusha; ikishuka, glukagoni huipandisha. Huo ni msawazo, kwa sababu ni kusahihishana kusikokoma.

Malenga Mkongwe

Wapendwa, nimesoma kwa furaha. Mimi naleta upande wa lugha, kwa sababu nadhani maneno yetu yanajua zaidi ya tunavyoyatumia.

Mizani katika ushairi si chombo cha chuma. Ni hesabu ya silabi katika mshororo, na ni sharti la kwanza ambalo mwanafunzi wa tungo za kimapokeo hufundishwa pamoja na vina. Shairi lililozoeleka lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 katika utao, nusu ya pili, na ndiyo maana walimu husema utungo huo una urari wa vina na mizani. Mzee Mtunza Leja ataona kwamba neno lake la ofisini liko pia kinywani mwa washairi, na kwa maana ileile: nusu mbili zimehesabiwa, zikakubaliana. Nimetunga mishororo miwili kwa ajili ya pembea ya Mwalimu:

*Mizani si ya kugawa, sawa mkubwa mdogo,*
*Mzito husogezewa, egemeo si mzigo.*

Zihesabuni. Nane na nane, mara mbili.

Kuhusu uwiano, nadhani ndilo neno zuri kuliko yote mliyoyataja. Kuwia ni kumdai mtu. Mwia ni mwenye kudai na mwiwa ni mwenye kudaiwa, na hata leo mtu husema “nawiwa nawe shukrani”. Basi kuwiana ni kudaiana. Vitu vyenye uwiano ni vitu ambavyo kila kimoja kina haki juu ya kingine: kimoja kikiongezeka, kingine nacho kinadai kitazamwe upya. Sijui neno jingine linalosema hivyo kwa silabi chache namna hii.

Adili nalo tumelipata kutoka Kiarabu, ambako katika mzizi huohuo kuna neno lenye maana ya nusu moja ya shehena ya mnyama, ile inayoning'inizwa ubavuni ili kuuzuia mzigo wa upande wa pili usimwangushe. Yaani mwadilifu, kwa asili ya neno, ni jamaa wa aliyepakia vizuri. Wabebaji wa mzegazega wanalijua hilo kwa bega lao: mizigo miwili kwenye ncha za mti mmoja, na mmoja ukiwa mzito, mbebaji hauongezei ule mwepesi mawe, bali husogeza bega lake kuelekea upande mzito. Mwalimu, Archimedes angefurahi.

Naomba pia tusiwasahau mabaharia. Chombo kisicho na shehena huwekewa farumi, yaani mawe au mchanga chini kabisa, ili kisipinduke. Hiyo ni njia ya kusawazisha ambayo haipimi upande kwa upande hata kidogo. Inashusha uzito chini. Na chombo kinapoyumba kwa mawimbi, ubavu huu ukizama na ule ukiinuka, husemwa kinakwenda mrama. Kila siku watu wanasema mambo yamekwenda mrama, na wachache wanakumbuka kwamba wanazungumza juu ya chombo kilichopoteza utulivu wake majini. Ndugu Mfasiri, kama unatafuta usemi wa kinyume cha msawazo ambao kijana tayari anao mdomoni, ni huo.

Mfasiri Mwanagenzi

Nawashukuru sana, tena kwa dhati. Nimerudi kwenye rasimu na kipimo cha Mwalimu mkononi, na sura ya fedha imenyooka kwa jioni moja. Nimeongeza sentensi ya Mzee Mtunza Leja kuhusu urari na ukweli, na mwandishi ameridhia.

Bado nimekwama mahali pawili. Sura ya kazi na nyumbani ndiyo iliyoniletea swali la mhariri, na sijapata namna ya kuiandika bila kurudi kwenye saa sawa kwa saa sawa. Na sura ya mwisho, ya kusuluhisha ugomvi, inasema msuluhishi lazima awe na “usawa”, nami sasa naliogopa neno hilo hata pale linapofaa.

Mlezi wa Mama

Ndugu Mfasiri, mimi si mtaalamu wa lugha wala wa sayansi, lakini sura hiyo ya kazi na nyumbani nimeiishi.

Mama yangu alipopata kiharusi, nilikuwa nimeajiriwa na nina watoto wawili. Nilichora ratiba nikaigawa siku mafungu matatu yenye urefu uleule: kazi, mama, watoto. Niliona nimetenda haki. Baada ya miezi miwili kila fungu lilikuwa likilalamika, na mimi nilikuwa naanguka usingizini nikiwa nimeshika kijiko. Ndugu yangu anayeishi mbali aliniambia kwa simu kwamba muda ninao wa kutosha, kama ningejipanga. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku hiyo niliuelewa usemi huo mpaka ndani.

Kilichonisaidia ni kuacha kuhesabu saa na kuanza kutazama saa hizo zinaangukia wapi. Mama alinihitaji kwa dakika arobaini za asubuhi, wakati wa kuogeshwa na kugeuzwa, kuliko alivyonihitaji kwa saa tatu za jioni ambazo nilikuwa nimekaa karibu naye amelala. Mtoto mkubwa alinihitaji kwa robo saa akirudi shuleni, kabla hajasahau lililomuumiza siku hiyo. Nilipozihamishia nguvu zangu kwenye nyakati hizo, jumla ya saa nilizompa mama ilipungua, na hali yake ikawa nzuri zaidi. Nilipomsoma Mwalimu hapa akieleza mtoto wa kilo 20 aliyekaa mbali na egemeo, nililia kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa, nami sikuwa na maneno yake.

Pia, usimwandikie kijana kwamba mambo hayo yatatulia ndani ya siku moja. Kulikuwa na wiki nzima ambayo mama alikuwa hospitalini na kazi ilipata masalio tu, kisha ikaja wiki ya kufunga mahesabu kazini na mama akaangaliwa na jirani. Kwa siku moja moja ungesema nimeelemea upande. Kwa mwezi mzima, hapana. Sisi nyumbani tulisema “kupokezana”, na kama neno hilo lina nafasi kitabuni, nitafurahi.

Mwalimu wa Fizikia

Dada Mlezi, nimekusoma mara mbili. Pole kwa yote uliyoyapitia, na ahsante. Nitautumia mfano wako darasani, kama utaniruhusu, bila kutaja chochote kinachokuhusu.

Ndugu Mfasiri, kuhusu sura ya ugomvi, usiliogope neno. Ila tenganisha hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Katika kusikiliza, usawa ni sharti: kila upande upewe nafasi yake, muda uleule, heshima ileile, na asikatizwe mmoja huku mwingine akiachwa aongee. Katika kuamua, usawa unakuwa dhuluma. Mmoja akiwa na ushahidi na mwingine akiwa na madai matupu, msuluhishi anayekata shauri katikati ili wote waondoke na nusu amempa zawadi yule aliyeanza kwa kudai kikubwa zaidi. Hapo panahitajika mizani, yaani kupima hoja kwa uzito wake. Kosa hilohilo hufanywa na mtangazaji anayempa anayesema dunia ni bapa dakika kumi sawa na dakika kumi za mwanasayansi, akaita kipindi chake chenye uwiano. Dakika zimelingana, lakini hakuna kilichopimwa.

Mtunza Leja

Naunga mkono. Katika kazi yetu pia, mkaguzi husikiliza kila mhusika kwa namna moja, kisha anafungua stakabadhi.

Mfasiri Mwanagenzi

Nimemaliza, na rasimu imekwenda tena kwa mhariri asubuhi ya leo. Sentensi iliyoanzisha mjadala huu sasa inasomeka hivi: “Aliyezijua siku zake hazigawi saa mafungu yanayolingana, hutazama ni saa ipi ina uzito kwa nani, akajiweka hapo, na mambo yakibadilika husogea tena.” Dada Mlezi, “kupokezana” nimelipa aya nzima. Ushauri wa Muuguzi nimeufuata bila kubadili kitu, na “kwenda mrama” limekuwa kichwa cha sehemu inayoeleza dalili za kuchoka kupita kiasi.

Katika rasimu ya kwanza neno “usawa” lilikuwa limetokea mara 112. Nimehesabu tena jana usiku: yamebaki manne, yote katika sura ya mwisho, katika ukurasa unaoeleza namna ya kusikiliza.